Wageni wa Pasaka

Mwaka mzima nyumba ya Mamotlatsi pale Ha Ramatsoso, kijiji cha Lesotho, ilikuwa ya watu wawili, mama na binti yake. Ikifika Pasaka ilikuwa ya watu thelathini. Walikuja Ijumaa Kuu, magari sita au saba yakifuatana kama siafu kwenye barabara ya vumbi: wana, wakwe, wajukuu, na marafiki wa wajukuu ambao hakuna aliyewajua majina. Walikaa siku nne. Walikula, walicheka, walipiga picha katikati ya maua ya rangi ya waridi yanayoota kando ya njia miezi hiyo, na Jumapili waliimba kanisani kwa sauti ambayo kanisa lile halikuisikia siku nyingine. Jumatatu waliondoka, magari yameinama nyuma kwa uzito wa maboga, mahindi mabichi, mapichi yaliyokaushwa, na kuku wawili watatu waliofungwa miguu. Aliyebaki uani akiwapungia mkono ni yule binti, Moselantja.

Kijijini watu walisema familia ile inapendana. Na kweli, wangapi siku hizi wanakumbuka kwao? Lakini hakuna aliyeuliza nani alikandika kuta kwa udongo mpya wiki mbili kabla, nani alichota samadi, nani aliotesha mtama wa pombe, akausaga, akaupika na kuuchuja, nani alioka mikate ya mvuke mpaka mvuke ukambabua mikono. Majani ya miti ya kando ya kijito yakianza kugeuka njano, wengine huona uzuri. Moselantja aliona kazi. Asubuhi alifukuza ndege kwenye mtama, mchana aling'oa maharage kabla maganda hayajapasuka shambani, jioni alibeba maboga kuyapanga juu ya paa yaive kwa jua. Pasaka ilimkuta amekonda, na wadogo zake walimwambia kila mwaka, "Dada, unapungua! Huli?" Akacheka nao.

Jina lake maana yake ni mkia wa mbwa. Mama yake alikuwa amezaa mara mbili kabla yake, na mara zote mbili mtoto hakumaliza hata majira ya baridi ya kwanza. Alipozaliwa wa tatu, bibi mzaa baba alimchukua, akamnyoa kichwa chote akabakiza kijishungi kimoja cha kuchekesha, akasema: "Huyu ni Moselantja. Kifo kikija kuuliza kuna nini ndani, mwambieni hakuna kitu, kuna mkia wa mbwa tu." Kifo kikapita. Baada yake walizaliwa sita, na wote wakaishi, na wote wakapewa majina mazuri, kwa kuwa hatari ilikuwa imekwisha kudanganywa. Motlatsi, mwana wa kwanza wa kiume, alipewa jina ambalo mama yao alikuwa akiitwa nalo tangu siku ya harusi, mama wa Motlatsi, miaka mingi kabla huyo Motlatsi hajatungwa mimba. Wa mwisho alikuwa Puseletso, yaani fidia.

Moselantja aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, milimani huko Mokhotlong. Mumewe alikwenda machimboni, akaandika barua mbili, kisha akanyamaza. Wakwe walimvumilia miaka saba. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, na mdomo wake ulikuwa unakula. Wakamfungia mzigo wake wa blanketi, wakamsindikiza mpaka njia panda. Alifika kwao akakuta baba amekwisha kuzikwa na Puseletso ananyonya. Siku ileile mama alimpa mtoto amfunge mgongoni. Tangu hapo hakushusha mzigo. Alipika pombe, wadogo wakasoma. Alisuka mikeka ya nyasi, wadogo wakavaa viatu. Mmoja baada ya mwingine wakavuka mpaka kwenda miji ya ng'ambo: Motlatsi akawa msimamizi wa ghala Vereeniging, Puseletso akawa muuguzi Welkom, na wale wanne wa katikati wakapata kila mmoja riziki yake.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Alilala miaka minne. Maneno yote yalimtoka, likabaki moja tu. Akitaka maji aliita, "Mosela!" Akiumwa, "Mosela!" Jua likimpiga usoni, "Mosela!" Siku nyingine aliliita bila kutaka kitu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Alikufa mwezi wa saba, theluji imefunga njia, na waliofika kumzika walikuwa wawili kati ya wale sita.

Ndiyo maana mwaka uliofuata Motlatsi alipiga simu mwezi wa pili, sauti yake nzito ya mtu aliyeamua jambo.

"Dada, Pasaka hii itakuwa ya aina yake. Jumamosi tunafunua jiwe la mama. Jiwe jeusi, linang'aa kama kioo. Nimeliagiza mwenyewe. Na Jumapili tukitoka misa, tunateremka baharini, Durban. Ukoo mzima. Na wewe umo."

"Mimi?"

"Wewe. Tafuta pasipoti."

"Bahari nitaifanyia nini, Motlatsi?"

"Utaitazama. Milima umeitazama miaka hamsini na saba, haijakutosha?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Simu ilipokatika alibaki ameishika. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwambia wewe umo. Alikwenda wilayani mara tatu kushughulikia pasipoti, akapiga picha akiwa amekunja uso, na siku alipoipata alimwonyesha jirani yake Mathakane kila ukurasa, hata zile tupu.

"Sasa wewe ni mtu wa dunia," alisema Mathakane. "Ukirudi utatuona washamba."

"Na mtama nani ataufukuzia ndege?"

"Nenda zako baharini. Ndege niachie mimi."

Walifika Ijumaa Kuu kama kawaida, safari hii magari tisa, kwa kuwa Motlatsi alileta wenzake wa kazini watatu na wake zao. Foleni mpakani ilikuwa imewachosha, watoto wakalia, watu wazima wakadai pombe. Moselantja alikimbia kutoka chungu hadi chungu. Mchana Motlatsi alisema wageni wanataka kuona mavuno, basi wakashuka wote kwenye shamba la maharage, wamejifunga blanketi mpya mabegani kwa ajili ya picha. Walifanya kazi kama nusu saa. Waling'oa pamoja na magugu, wakarushiana mashina, mke wa rafiki mmoja akapiga kelele kwa sababu ya kiwavi. Kisha wakapanda juu kula nyama. Maharage waliyoyang'oa waliyaacha yamesambaa, na Moselantja akarudi peke yake kuyakusanya kabla umande haujashuka.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilipanda makaburini. Jiwe lilikuwa limefunikwa blanketi la mama mwenyewe, lile la kahawia. Katekista alisali. Moselantja alisimama nyuma kidogo karibu na lango, ameshika beseni la maji ya watu kunawa mikono wakitoka, maana hakuna aliyekumbuka kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Wajukuu wawili wakavuta blanketi. Jiwe liling'aa kweli. Watu wakasema aah.

Mwalimu wa shule ndiye aliyeombwa kusoma. Alisoma jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, kisha akainua sauti: "Umewaacha wanao wakupendao." Akasoma Motlatsi. Akasoma wale wanne. Akasoma Puseletso. Akasita, akasogeza miwani, akasoma jina la mwisho:

"Augustina."

Watu waligeuza shingo wakitazamana. Shangazi Maletsatsi, dada wa marehemu baba, mwanamke wa miaka themanini na tatu ambaye hakuwahi kujifunza kunong'ona, aligonga fimbo chini.

"Augustina ndiye nani?"

Mwalimu alilitazama tena jiwe.

"Nauliza! Wifi yangu alimzaa lini huyo Augustina, na kwa nani? Mie nilikuwepo uzazi wote, huyo sikumwona akitoka!"

Mtu mmoja akacheka. Cheko likaruka kwa mwingine, likaenea mpaka kwa wanawake waliokaa ukutani. Hata wale wageni wa Vereeniging walitabasamu bila kujua wanachotabasamia. Motlatsi alikohoa, akamfanyia katekista ishara aanzishe wimbo, na wimbo ukaanzishwa.

Moselantja alikuwa bado ameshika beseni. Jina lile alilisikia mara mbili tu maishani: siku ya kipaimara chake, na siku katekista wa zamani alipomwandikia cheti. Ilimchukua muda kufahamu kuwa ni yeye. Watu walianza kutoka, wakachovya vidole kwenye maji, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwangalia usoni haraka akashusha macho. Shangazi Maletsatsi alipofika hakunawa.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, shangazi."

"Asante ya punda," alisema kikongwe, akapita. Methali hakuimaliza, wala haikuhitaji kumaliziwa.

Alimkuta Motlatsi nyuma ya jiko, anachagua nyama na wenzake. Alisubiri wenzake waondoke na sahani zao.

"Motlatsi. Jina langu liko wapi?"

"Lipo, dada. Augustina ni wewe. Nilimpigia katekista akaangalia kwenye kitabu cha ubatizo. Sikulibuni."

"Nani ananiita hivyo?"

"Sasa dada, sikiliza." Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama mtu mwenye kazi ya kueleza jambo rahisi. "Jiwe ni la milele. Watoto wetu watalisoma, na watoto wao. Unataka wasome mkia wa mbwa? Juu ya mama? Wenzangu wamesafiri kutoka mbali..."

"Mama aliniita hivyo mpaka pumzi ya mwisho."

"Mama alikuwa mgonjwa."

Moselantja aligeuka. Puseletso alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la saladi. Alikuwa amesikia yote.

"Wewe ulijua?" dada yake akamuuliza.

"Tuliongea kwenye simu wote," alisema Puseletso. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sura laini, na macho yalikwisha kumjaa. "Mimi nilisema tukuulize. Nilisema, dada."

"Ukasema. Halafu?"

"Halafu... ilikuwa imeshaandikwa."

"Wote sita mna uhai kwa sababu ya jina hilo," alisema Moselantja. "Mwenzenu nilitangulizwa mlangoni, nimevishwa uchafu, ili ninyi mpite mnanukia. Leo nawanukia vibaya."

"Dada, usifanye hivyo siku ya mama," alisema Motlatsi. "Watu wanasubiri chakula."

Na ni kweli watu walikuwa wanasubiri. Alichukua upawa akaenda kupakua. Ndivyo alivyokuwa. Hasira yake haikujua njia nyingine ya kutokea isipokuwa mikononi, na mikono ilikuwa imezoea kulisha.

Wengine watauliza kwa nini alikwenda baharini baada ya hayo. Mathakane alimuuliza hivyo hivyo Jumapili asubuhi, alipomwona anafunga mzigo. Moselantja alijibu kwamba alikwisha kufua nguo. Huo ndio ukweli wote aliokuwa nao. Alikuwa na pasipoti, alikuwa na gauni jipya lenye maua, na tangu mwezi wa pili alikuwa akiota kitu kikubwa cha buluu. Motlatsi alimwambia abebe na blanketi zake zote mbili, na viatu vya baridi pia, eti usiku hujui. Akabeba.

Walijaza mabasi madogo mawili ya kukodi, watu ishirini na sita; waliobaki wakarudisha magari makwao. Yeye aliketi nyuma kabisa, pamoja na sufuria, mito na watoto watatu waliotapika kwa zamu kwenye kona za milima. Mbele waliimba. Walipita vijito vilivyopungua maji, miti mirefu ya njano, mashamba ya watu wengine ambako familia nyingine zilikuwa zinapura maharage kwa fimbo. Mpakani askari alifungua pasipoti yake, akalisoma jina, akamtazama, akatabasamu. "Mosotho wa kweli huyu," alisema, akagonga mhuri. Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyoambiwa safari nzima, na lilitoka kwa mtu asiyemjua.

Bahari aliiona Jumatatu asubuhi. Hakupiga kelele kama watoto. Alisimama tu, mkono kifuani. Kilichomshangaza si ukubwa, milima pia ni mikubwa. Kilichomshangaza ni kwamba haitulii, haina hata dakika moja ya kupumzika. "Na wewe pia?" aliiambia kimoyomoyo.

Kisha mtu akamwekea mkoba mguuni. Mwingine akaweka viatu. Mwingine akaweka mtoto anayelala. "Dada, tuangalizie kidogo, tunaingia majini." Kidogo kile kilikuwa siku nzima, na siku iliyofuata. Alikaa juu ya mchanga katikati ya taulo, simu na chupa za maziwa, gauni lake la maua likichapwa na upepo, akiwahesabu watoto wa watu kila walipotoka na kuingia. Maji yalimgusa mara moja tu, alipomkimbilia mjukuu wa Motlatsi aliyechukuliwa na wimbi dogo. Yalimfika magotini. Alimtoa mtoto, akampiga kofi la matako, akarudi kwenye mizigo. Mama wa mtoto, binti wa Motlatsi, alinuna. "Sisi hatupigi watoto, shangazi," alisema.

Jumanne mchana Motlatsi alikuja kukaa karibu naye, na Puseletso akaja nyuma yake. Walivyokaa, mmoja huku na mmoja huku, alijua kuna neno.

"Dada, umezeeka," alianza Motlatsi. "Usikasirike. Wote tunazeeka. Lakini kule peke yako, na mama hayupo, mashamba, baridi, hapana. Tumekaa kikao tumeona inatosha."

"Mmekaa wapi?"

"Kwenye simu. Mashamba nimempa yule mzee wa kijijini, Ntate Sekhobe, alime kwa nusu kwa nusu. Ana ng'ombe, ana watu. Barua iko kwa chifu tangu kabla ya Pasaka. Nyumba tutaifunga, tutaifungua kwa sikukuu. Wewe unakuja Vereeniging. Mabasi yakitoka hapa kesho hayapiti tena Lesotho, yanakwenda moja kwa moja juu. Chumba chako kipo."

"Utapumzika, dada," alisema Puseletso, akichora mchanga kwa kidole.

"Nitapumzika nikifanya nini?"

Motlatsi alicheka kidogo. "Kuna hawa mapacha wa binti yangu. Yaya ameondoka. Huwezi kuita hiyo kazi, ni wajukuu wako. Umelea wangapi wewe?"

Moselantja alitazama mzigo wake uliokuwa hapo kando. Blanketi zote mbili. Viatu vya baridi. Pasipoti ndani ya mfuko wa plastiki, ameifunga kwa leso. Ikamjia polepole, kama ubaridi unavyopanda kutoka sakafuni.

"Kumbe pasipoti haikuwa ya bahari," alisema.

Wimbi likaja, likarudi.

"Mngeniambia nikiwa kwangu, Motlatsi. Ningekataa nikiwa nimesimama kwenye udongo wangu. Mmenileta mpaka hapa, mkaniketisha kwenye mchanga wa watu, ndiyo mnasema."

"Tulitaka ufurahi kwanza."

"Na huko mtaniitaje? Mbele ya wale wenzako? Augustina, leta chai?"

"Dada!" Puseletso alianza kulia.

"Nyamaza. Nilikubeba mgongoni miaka mitatu, kilio chako nakijua, najua cha njaa na najua cha deko. Hicho ni cha deko."

Motlatsi alisimama, akapangusa mchanga kwenye kaptula. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupanga mizigo ghalani, hiki hapa, kile pale, na mzigo haujawahi kumjibu. "Basi fanya unavyotaka," alisema. "Lakini shamba limeshaondoka. Usije ukasema hukuambiwa."

Kesho yake Puseletso alimpeleka kwenye kituo cha mabasi. Walikumbatiana kama watu wanaogopa kuvunja kitu. Moselantja alisafiri siku mbili, akilala ameketi kwenye ukumbi wa abiria upande wa pili wa mpaka, akafika Ha Ramatsoso Ijumaa saa sita mchana, miguu imevimba.

Mathakane alimpokea njiani, mikono kichwani. Jumapili ileile binti yake alishikwa na uchungu kabla ya wakati, naye Mathakane akamkimbilia, akakaa naye siku nne. Mtoto alipona, lakini ndege walikuwa wamejifanyia harusi kwenye mtama. Mashuke yalisimama matupu, mepesi, yakichezacheza kwa upepo. Moselantja alipita katikati yake akiyagusa. Alimwambia Mathakane asijilaumu, mtoto ni mtoto.

Kwa chifu alikwenda Jumatatu. Chifu alikuwa kijana aliyesoma na mmoja wa wadogo zake, akamheshimu, akamtolea kiti.

"Mama Moselantja, mimi nitafanyaje? Mrithi amesema. Nyumba kaa, hakuna wa kukutoa. Bustani ya nyuma ya nyumba pia, lima. Lakini mashamba yana barua."

"Miaka thelathini na moja nimeyalima."

"Najua. Kijiji kinajua." Alizungusha kalamu. "Lakini barua inamjua Motlatsi."

Mwaka ukapita. Moselantja aliishi kwa bustani, kwa kuku, na kwa kusuka mikeka iliyonunuliwa kwa nadra. Motlatsi hakupiga simu. Puseletso alipiga mara moja, siku ya kuzaliwa kwake mwenyewe, akasema anamkumbuka. Nusu ya mavuno iliyopaswa kwenda kwa mwenye shamba ilikwenda kwa mwenye shamba. Lori lilikuja kuichukua, likapita mbele ya mlango wa Moselantja bila kusimama.

Pasaka iliyofuata ilichelewa, ikaangukia mwezi wa nne mwishoni, maharage yamekwisha kukauka mpaka yanalia shambani yakiguswa. Ntate Sekhobe alihitaji watu wa kung'oa. Alipita nyumba kwa nyumba, na alipofika kwa Moselantja alivua kofia.

"Mama yangu, naona haya kukuuliza."

"Uliza, Ntate. Haya hailiwi."

Alikubali. Malipo yalikuwa beseni la maharage kwa kila siku. Ijumaa Kuu ilimkuta ameinama kwenye mstari wa tatu wa shamba la mama yake pamoja na wanawake wengine saba, blanketi kiunoni, hajakandika ukuta, hajapika pombe, hajaoka mkate hata mmoja. Ufunguo wa nyumba alikuwa amemwachia Mathakane.

Magari yalikuja matatu tu. Wanawake waliyaona wakanyanyuka, wakamtazama. Yeye hakunyanyuka. Baada ya muda mtu alishuka kwa shida kutoka uani, akiyumba kwenye matuta kwa viatu vya mjini. Alikuwa Puseletso, ameongezeka mwili, anahema.

"Dada."

"Simama kando, unakanyaga kazi ya watu."

Puseletso akasogea. "Mlango umefungwa. Hakuna hata moto. Watoto wana njaa."

"Ufunguo uko kwa Mathakane. Kuni ziko porini."

"Dada, kweli? Kibarua? Kwenye shamba letu?"

"Si letu. Ni la Motlatsi na Ntate Sekhobe. Mimi nina beseni moja kwa siku, na leo sijalijaza."

Wale wanawake wengine walikuwa wameongeza bidii ya kazi, kama watu wafanyavyo wakitaka kusikia vizuri. Puseletso alisimama akipangusa jasho. Kisha akafanya jambo ambalo Moselantja hakulitazamia. Alivua viatu, akavipanga pembeni, akainama kwenye mstari wa jirani na kuanza kung'oa. Aling'oa vibaya, akivunja mashina, lakini aling'oa. Walikwenda sambamba hatua kumi, kumi na tano. Moselantja alisikia pumzi yake, ile pumzi nzito aliyoijua tangu mgongoni, na kitu kikaanza kulegea kifuani mwake, akakikasirikia.

Simu ikalia. Puseletso akainyanyua kwa kidole kilichotoka damu.

"Ndiyo kaka... Niko naye... Hapana, amekataa... Haya, nakuja." Akaizima. "Wanaulizia sufuria kubwa," alisema, bila kumtazama dada yake.

"Nenda."

"Jioni utakuja? Tutakaa wote tuongee. Motlatsi amesema ataongea."

"Jioni nalala kwa Mathakane. Nyumba ni yenu siku nne, kama mlivyozoea."

Puseletso alivaa viatu vyake kwenye miguu yenye udongo. Akaanza kupanda. Hewa ilikuwa imeanza kuuma. Mbingu ilikuwa safi kabisa, bila wingu, na kila mtu wa kule anajua anga la namna hiyo mwezi wa nne linaleta sakitu, baridi inayogandisha umande, alfajiri. Blanketi nzito za watoto zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha mama, zimefungwa na majani makavu ya kufukuza nondo, na wasiojua wasingeziona. Moselantja alinyoosha mgongo. Mdogo wake alikuwa bado karibu, angemsikia bila hata kupaza sauti.

Alimtazama mpaka akafika kwenye ukuta wa mawe. Kisha akainama tena kwenye mstari.